Binti wa Nani? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kusaka Nasaba ya Mwanamke Mwingereza Aliyehamia Makoloni ya Amerika

Kwetu mwanamke huolewa na jina la baba yake likabaki palepale. Asha binti Salim akiolewa na Hamisi bado ni Asha binti Salim, na watu wakimtaja miaka hamsini baadaye wanajua ni wa Salim. Uingereza ya miaka ya 1600 haikuwa hivyo. Siku ya harusi mwanamke aliliacha jina la ukoo wa kwao na kuchukua la mume. Mume akifa, yeye akaolewa tena, basi hata hilo la pili hakubaki nalo. Ndiyo maana anayesaka nasaba ya mwanamke aliyevuka Atlantiki kwenda New England au Virginia hufika mahali akakuta neno moja tu: "mkewe".

Wengi wakifika hapo hukata tamaa, au, vibaya zaidi, hubuni. Mifano mingi hapa chini imetoka kwa ukoo mmoja, akina Tilley wa kijiji cha Henlow, kaunti ya Bedfordshire, waliopanda merikebu ya Mayflower mwaka 1620. Karibu kila mtego unaowanasa watafiti umo ndani ya ukoo huo.

Dhana: Wanawake wa zama zile hawakuandikwa popote

Waliandikwa, ila kwenye karatasi za wanaume. Sheria ya Kiingereza ilimhesabu mke kuwa chini ya mumewe: hakumiliki mali ya kuhamishika kwa jina lake, wala hakuweza kuandika wosia bila ruhusa ya mume. Ukitafuta faili lenye jina lake utatoka mikono mitupu. Tafuta la baba yake, la kaka zake, la mume, na la majirani waliosafiri naye.

Wosia wa baba aliyebaki Uingereza ndio hazina kuu, kwa kuwa humo ndimo huwa na kifungu cha kumwachia urithi binti "aliyeko New England". Wosia uliothibitishwa na mahakama ya kanisa ya Canterbury, iliyoshughulikia hasa mirathi ya watu wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja, umehifadhiwa Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nakala zake zinaanzia 1384 hadi 1858 na zinapatikana mtandaoni. Tatizo ni kwamba fahirisi yake imepangwa kwa jina la mwenye wosia, si la warithi. Ukiandika jina la binti hutapata kitu. Inabidi uorodheshe kila marehemu mwenye jina la ukoo unalolishuku katika kaunti ile, kwa kipindi cha miaka arobaini hivi baada ya binti kuondoka, kisha usome mmoja baada ya mwingine. Wa watu wenye mali kidogo wako kwenye hifadhi za kaunti, kwa sababu ulithibitishwa na mahakama ndogo za kanisa.

Upande wa koloni, anza na hati za kuuza ardhi. Mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe kwa maisha yake yote, hivyo mnunuzi mwerevu alitaka mke aweke saini au alama yake kuiachia haki hiyo. Hati moja inakupa jina lake la kwanza na uthibitisho kwamba siku ile alikuwa hai. Hati mbili zenye majina tofauti, Mary mwaka 1652 na Martha mwaka 1660, zinakuambia huyo bwana alioa tena, hata kama hakuna daftari lililorekodi ndoa ya pili. Usipuuze pia mashauri ya yatima: mtoto aliyefika miaka 14 aliruhusiwa kujichagulia mlezi wa mali yake, na mara nyingi alimchagua mjomba. Jina la mjomba likipatikana, jina la ukoo wa mama limepatikana.

Mjane naye alirudishiwa kalamu yake. Elizabeth Tilley, mjane wa John Howland, aliandika wosia wake mwenyewe Desemba 1686, akiwa na miaka 79.

Dhana: Jina aliloolewa nalo ndilo la baba yake

Hili ndilo kosa linalozaa mababu bandia wengi kuliko yote. Mama yake Elizabeth, Joan, alibatizwa Henlow tarehe 13 Machi 1567/8 (mkwaju huo, yaani alama ya /, tutaueleza), binti wa William na Rose Hurst. Mwaka 1593 aliolewa na Thomas Rogers, wakapata mtoto, na mume hakuishi sana. Tarehe 20 Septemba 1596 akaolewa na John Tilley, sasa akiwa mjane wa Rogers.

Mjane wa namna hiyo kwa kawaida aliolewa kwa jina la marehemu mumewe, na makarani wengi hawakujisumbua kuandika kwamba ni mjane. Mtafiti mwenye haraka atasema, "Joan Rogers, basi baba yake ni Rogers," ataingia kwenye ubatizo wa kina Rogers wote wa Bedfordshire, na kwa kuwa Joan lilikuwa jina la kila nyumba, hatakosa mmoja wa kumfaa. Kuanzia hapo kila anayepanda juu yuko kwenye mti wa watu wengine.

Kinga yake ni kazi ya saa moja. Ukipata ndoa, rudi nyuma miaka kumi katika daftari lilelile ukitafuta ndoa nyingine ya mwanamke mwenye jina hilo la kwanza na mwanaume mwenye jina hilo la ukoo, kisha tafuta mazishi ya mwanaume huyo.

Na kuna mtego wa pili humohumo. Ndani ya Mayflower alikuwemo abiria aliyeitwa Thomas Rogers. Si yule mume wa kwanza wa Joan. Wa Henlow alikwisha kufa kabla ya 1596. Huyu wa merikebuni alitokea Northamptonshire. Jina moja na watu wa mzunguko mmoja havitoshi kumfanya mtu kuwa mmoja.

Dhana: Maneno ya udugu yalimaanisha yanavyomaanisha leo

Msomaji wa Kiswahili, aliyekua akimwita binamu "ndugu" na mama mkubwa "mama", hapa ana nafuu kuliko Mwingereza wa leo. William Bradford, gavana wa koloni la Plymouth, New England, aliyeorodhesha abiria wa Mayflower miaka thelathini hivi baadaye, anasema Edward Tilley na mkewe walikuja na watoto wawili waliokuwa "cousins" zao, Henry Samson na Humility Cooper. Leo neno hilo ni binamu. Daftari za parokia zinaonyesha walikuwa watoto wa ndugu zake mke: Henry ni mtoto wa dada yake, Humility ni mtoto wa kaka yake. Aliyeshika maana ya leo angewapandisha kizazi kizima na kuwaweka kwa watu wasio wazazi wao.

Vivyo hivyo, "daughter-in-law", neno ambalo leo ni mke wa mwana, lilimaanisha pia binti wa kambo. "Brother" aliweza kuwa shemeji, au mshirika wa kanisa tu. Mzee na Mdogo ("Senior" na "Junior"), yale maneno yanayofuata jina, hayakuwa lazima baba na mwana. Walikuwa wanaume wawili wa kijiji kimoja wenye jina moja, na mzee akifa mdogo hupanda cheo. Mume akiandika katika wosia "mke wangu wa sasa", hasemi kwamba alikuwa na mwingine kabla yake. Ni lugha ya wakili ya kuhakikisha urithi unamwendea huyu na si atakayeolewa baadaye. "Mrs." mbele ya jina ilikuwa alama ya hadhi, na binti asiyeolewa wa familia kubwa aliweza kuipata.

Dhana: Jina likiandikwa tofauti, ni mtu mwingine

Mke wa Edward Tilley anaitwa Ann katika orodha ya Bradford. Katika daftari la Henlow ni Agnes Cooper, aliyeolewa mwaka 1614. Ni mtu yuleyule. Agnes ilitamkwa karibu na "Annis", na makarani wakaichanganya na Anne kwa karne nzima. Joan, Jane na Johanna hubadilishana. Ellen, Helen na Eleanor pia. Elizabeth na Isabel mara kwa mara. Hannah na Anna karibu kila siku. Polly ni Mary, Sally ni Sarah, Patty ni Martha. Kama wewe hushangai Fatuma wa cheti akiitwa Fatma msikitini na Tuma nyumbani, usishangae hapa.

Mwandiko wenyewe unahitaji mazoezi. Katika mwandiko wa makarani wa enzi hiyo herufi ya "e" imegeuka nyuma, "c" inafanana na "r" ya leo, "s" ya katikati ya neno ni ndefu kama "f", na "ff" mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. Aliyenakili daftari kwa ajili ya tovuti huenda alikosea herufi ya kwanza, na injini ya kutafutia haitakuletea jina hilo kamwe. Fungua picha ya ukurasa usome mwenyewe.

Dhana: Mtoto alizaliwa kabla ya ndoa, tarehe zinasema

Kabla ya kumtuhumu bibi wa watu, angalia kalenda. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilikuwa mwisho wa mwaka. Ndoa ya tarehe 10 Aprili 1637 na ubatizo wa tarehe 20 Januari 1637 zinapishana miezi tisa na siku kumi, na ndoa ndiyo iliyotangulia. Leo tunaandika tarehe ya ubatizo huo 20 Januari 1637/8, na ndio ule mkwaju wa Joan Hurst. Sisi tulioishi maisha yetu yote tukibadilisha saa moja ya Kiswahili kuwa saa saba ya wazungu hatupaswi kusumbuliwa na jambo hili, lakini linasumbua.

New England waliongeza ugumu kwa kuandika miezi kwa namba, na mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Kwa hiyo "mwezi wa 12" ni Februari. Usibadilishe tarehe kimoyomoyo: nakili kama ilivyo, kisha andika tafsiri yako pembeni.

Dhana: Merikebu zilikuwa na orodha za abiria, ni kuitafuta tu

Kwa abiria wengi wa karne ya 17 hakuna orodha iliyobaki. Watu wapatao 20,000 walihamia New England kati ya 1620 na 1640. Rejista ya bandari ya London ya mwaka 1635 imesalia, na ina watu karibu 5,000 waliokuwa wakielekea makoloni yote, pamoja na Karibi. Bandari nyingine zina vipande vipande. Hata Mayflower, yenye abiria 102, haina orodha rasmi. Tunayoitegemea ni ile ya Bradford, na humo John Tilley ameandikwa na "mkewe" na Elizabeth binti yao. Joan, aliyekufa majira ya baridi ya kwanza pamoja na mumewe, hakutajwa jina katika orodha bora kuliko zote tulizo nazo.

Umri ulioandikwa bandarini ni wa kukadiria. Anayejiita 30 anaweza kuwa 27 au 34.

Dhana: Simulizi ya ukoo haiwezi kukosea jambo kubwa

Kwa vizazi kadhaa wazao wa John Howland waliamini kwamba mkewe Elizabeth alikuwa binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth. Simulizi ilikuwa na mantiki: Howland alikuja akiwa mtumishi wa Carver, na Elizabeth aliachwa yatima akiwa na miaka 13. Mwaka 1855 mswada wa Bradford, uliokuwa umepotea Boston tangu karne iliyotangulia, ukatambuliwa katika maktaba ya Askofu wa London huko Fulham. Ndani yake, kwa mkono wa mtu aliyewajua wote, imeandikwa kwamba Howland alimwoa Elizabeth binti wa John Tilley. Simulizi ikaanguka siku hiyo. Kijiji cha Henlow, ubatizo wake wa 30 Agosti 1607 na jina la ukoo la mama yake vilikuja kuchapishwa mwaka 1976.

Angalia jinsi kosa lilivyozaliwa: mwanamke alipewa baba mwenye cheo. Hata siku hizi makosa huelekea huko, kwa gavana, kwa mtemi, kwa mfalme. Kulikuwa na watu waliouza makosa hayo. Gustave Anjou, aliyekufa 1942, alijipatia riziki New York kwa kuwatungia matajiri nasaba za kughushi, akinukuu wosia na daftari za parokia zisizokuwepo, na kazi zake bado zinanakiliwa mtandaoni. Miti mia mbili ya mtandaoni inayokubaliana inaweza kuwa imenakili mti mmoja. Uliza ukurasa wa daftari uko wapi. Nembo za koo nazo zipitie haraka: Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, si kila mwenye jina lake.

Dhana: Aliolewa akiwa na miaka 13, katika kanisa la kijijini kwao

Mwanamke wa kawaida wa Uingereza wa wakati huo aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka 25 hivi. Katika makoloni walioana mapema kidogo, bado si utotoni. Ukitafuta ubatizo miaka 14 kabla ya ndoa utampata mwanamke mwingine kabisa. Tafuta kati ya miaka 18 na 30.

Mahali nako hakutabiriki. Anne Marbury, aliyekuja kujulikana Massachusetts kama Anne Hutchinson, mpinzani wa viongozi wa dini, alibatizwa Alford, Lincolnshire, mwaka 1591. Mumewe pia alikuwa wa Alford. Walifunga ndoa London, kanisa la St Mary Woolnoth, Agosti 1612, kwa sababu baba yake alikuwa amehamia huko kikazi. Waliopitia Leiden, Uholanzi, kabla ya Mayflower, watafutwe Leiden: daftari za uchumba za mji huo huandika bibi harusi alitoka wapi na nani walimsimamia, jambo ambalo daftari za Kiingereza hazifanyi. Na ndoa iliyofungwa Massachusetts kabla ya miaka ya 1680 usiitafute kanisani. Ilikuwa ndoa ya bomani, mbele ya hakimu, na karani wa mji ndiye aliyeiandika.

Daftari za parokia Uingereza ziliamriwa mwaka 1538, lakini utaona nyingi zinaanza 1558. Amri ya 1598 ya kuzinakili kwenye ngozi ilitilia mkazo miaka ya Malkia Elizabeth, na mapadri wengi wakaanzia alipoanza kutawala, za nyuma wakaziacha zioze. Kuanzia 1598 nakala ya kila mwaka ilipelekwa kwa askofu. Daftari likiwa limeliwa na panya au kuungua, uliza nakala hiyo katika hifadhi ya kaunti. Kati ya 1642 na 1660, miaka ya vita na baada yake, tegemea mapengo.

Ukishampata mtoto wa kike anayefaa kwa jina, mahali na mwaka, hujamaliza. Soma mazishi ya parokia hiyo kuanzia siku ya ubatizo wake. Watoto walikufa kwa wingi, na aliyezikwa akiwa na miaka miwili hakupanda merikebu. Wazazi waliwapa wadogo majina ya marehemu, kwa hiyo ukiona Mary wawili wa baba mmoja, wa kwanza huenda alizikwa katikati yao. Kisha hakikisha huyo wako hakuolewa na mwingine na kubaki hapohapo kijijini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nadhani kwa sababu inaweza kukunyang'anya ulichokwisha kupata.

Dhana: Virginia ni kama New England, ila joto zaidi

Nyaraka zake ni za namna nyingine. Virginia aliyemlipia mtu nauli alipewa haki ya ekari 50. Jina la mwanamke katika hati hiyo linathibitisha kwamba kuna mtu alidai alimlipia nauli, basi. Haki hizo ziliuzwa mkono kwa mkono, zikadaiwa mara mbili, na hati ikaweza kutoka miaka mingi baada ya yeye kufika, kwa ardhi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Usiandike mwaka wa hati kuwa mwaka wa kuwasili. Kwa waliofika mapema, hesabu ya watu ya mwanzoni mwa 1625 ni bora, kwani wengi wametajwa kwa umri, merikebu na mwaka.

Wanawake 57 waliopelekwa mwaka 1621 kuwa wake wa wakoloni, mume akilipa Kampuni ya Virginia ratili 150 za tumbaku, wameacha orodha yenye umri na habari za wazazi wao; iko Chuo cha Magdalene, Cambridge. Watumishi wa mkataba wa miaka minne hadi saba walioondokea Bristol, wapatao 10,000 kati ya 1654 na 1686, wana rejista yao.

Dhana: Pima DNA, majibu yatatoka

Kipimo cha kawaida kinachouzwa kinafaa kwa vizazi vitano au sita. Mtu wa leo yuko vizazi kumi na viwili hivi kutoka kwa Elizabeth Tilley, na kwenye ngazi hiyo ana nafasi 4,096 za mababu. Wengi wao hawakumwachia hata kipande cha vinasaba.

Kipimo cha mstari wa mama ni kitu kingine. Hiki husoma DNA ambayo mama huwapa watoto wote lakini mabinti tu huirithisha, na hubadilika polepole sana. Mifupa ya Mfalme Richard III iliyochimbuliwa Leicester mwaka 2012 ilitambuliwa kwa msaada wa ndugu wawili wa leo waliotokana, mama kwa mama, na dada yake. Kilichowezesha hilo ni karatasi: nasaba ya kila mama ilikuwa imeandikwa kabla ya maabara kuguswa.

Kwa mhamiaji wako, tafuta wazao wawili walio hai waliotokana na mabinti wake wawili tofauti, bila mwanaume katikati ya mnyororo, uwaombe wapime kipimo kamili. Zikilingana, mistari yote miwili imepata nguvu, ingawa baadhi ya makundi ya DNA hii ni ya kawaida mno Ulaya na yanaweza kulingana kwa bahati. Zisipolingana, kuna mama mmoja katika mnyororo aliyewekwa mahali pa mwingine. Anza kumtafuta pale ambapo mume alioa mara ya pili na daftari likaandika, kama kawaida yake, "mkewe".